Pawa Saplai, Yoyote

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa pua kabla sijaikumbuka kwa akili. Ilikuwa na harufu ya samaki wabichi na ya plastiki iliyoungua, zote mbili ndani ya chumba kimoja cha Walukuba, Jinja, si mbali na hapo ulipopanga wewe sasa. Ilinirudia jana, uliponitumia kwa simu orodha ya vifaa vya kompyuta unayotaka kuiunda mwenyewe, ya kuchezea gemu.

Orodha yenyewe ni nzuri, sikufichi. Umesoma, umeuliza, umelinganisha. Kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye kioo, umeiandika kwa jina na namba, mpaka na rangi ya feni zake. Kasha umelichagua lenye kioo ubavuni, ili wenzako waone taa zikiwaka ndani. Nikawa nasoma huku natabasamu, mpaka nikafika mstari wa chini kabisa nikakuta maneno matatu: "Pawa saplai, yoyote." Nikaweka simu mezani, nikaenda kunywa maji. Basi, Khainza, tulia shangazi yako, ingawa si wa damu, akusimulie jambo ambalo baba yako hajawahi kukusimulia, kwa kunistahi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilijiona najua kila kitu chenye waya. Baba yangu alikuwa askari magereza, Mtesoti, mama yangu Msoga wa Wanyange, na nyumbani tulisema Kiswahili kile cha kambini ambacho walimu wenu wangekizibia masikio. Mama aliuza samaki. Kila asubuhi alishuka ziwani Wanyange kuwachukua kwa wavuvi, nami nikiwa binti mdogo nilimfuata na karai. Huko ndiko nilikopata elimu yangu ya kwanza. Unajua, wako wauzaji wanaomshindilia sangara mawe tumboni, au mchanga, au kitambaa kilicholowa, ili awe mzito. Kwa hiyo mama hakununua samaki kwa kumnyanyua tu. Alimfungua mdomo, akapitisha vidole kwenye matamvua, akaminya tumbo, akamtikisa karibu na sikio. Wavuvi walimcheka. Yeye alimaliza kutikisa, ndipo akaanza kupatana bei.

Mimi nilijifunza nusu ya somo. Nilijifunza uzito. Ungenipa samaki nikamshika kwa mkono mmoja, ningekwambia kilo zake na nisikosee sana, na wanawake wa soko la Walukuba walinisifu kwa hilo. Sifa hizo zilinilevya, nisikudanganye.

Sasa, baba yako. Mafabi na mimi tulisoma pamoja ufundi wa kompyuta hapa na pale mjini Jinja, kisha yeye akarudi kwao Nabuyonga, Mbale. Kaka yake mkubwa, marehemu baba yenu mkubwa yule, alikuwa mwanajeshi, na safari moja aliporudi kutoka kazini ng'ambo alimletea baba yako kadi ya picha. Hapa kwetu siku hizo ilikuwa kitu cha kusikia tu. Alimwambia, "Mwaka wa imbalu, jando letu, nitapata likizo, nikija Agosti nataka nikufunge mabao ya gemu kwa hii." Mafabi akaahidi. Lakini Mafabi hakuwa na kompyuta ya kuiweka, na mimi nilikuwa na madabodi, ule ubao wa kupachikia vifaa, na prosesa, RAM na diski, nilivyoviokota kimoja kimoja kwa mafundi. Ndipo akapanda gari akaja Jinja, kadi ameifunga ndani ya sweta ya kaka yake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Amoding," akaniambia, "hii si yangu, ni ya afande. Fanya pole pole."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa sijawahi hata kuuliza kadi ile inakula umeme kiasi gani.

Kilichobaki kilikuwa pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia kila kifaa kipimo chake. Mafundi wa mjini walikuwa na kanuni moja: nyepesi ni feki, nzito ni ya kweli. Kanuni hiyo si upuuzi, kwa sababu iliyojengwa vizuri ina shaba na chuma cha kutosha ndani. Nilipoisikia nilicheka kwa furaha. Kumbe ni kazi yangu ileile ya samaki! Nikaingia dukani, muuzaji akaniwekea mbili kwenye kaunta, nikainua moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto. Ya kushoto ilikuwa nyepesi kama bakuli tupu. Ya kulia ilivuta mkono chini. Kibandiko chake kilitaja wati nyingi kuliko zote nilizowahi kuziona. Muuzaji akanitazama kwa heshima, akasema, "Dada, wewe unajua vitu." Nikalipa na kuondoka kifua mbele.

Niliunda mashine ile mchana wa Jumamosi, mlango wazi, feni ya mezani ikinipepea. Ikawaka mara ya kwanza. Nikaandika barua, nikasikiliza muziki, nikafungua picha, na haikunisumbua hata kidogo. Nikampigia Mafabi kumwambia kadi ya kaka yake iko hai. Kisha nikafungua gemu la mpira. Mwanangu, niliona majani ya uwanja yakitikisika, jani moja moja! Niliinama mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo, nikijiuliza ni nani aliyekaa akachora majani yote yale, na mashine inayakumbukaje. Mchezaji wangu alikimbia na mpira mpaka karibu na goli. Hapo nikasikia mlio mdogo, kama wa kijiti kinachovunjika, kioo kikawa cheusi, na moshi ukatoka nyuma ya kasha.

Nilichomoa waya nikakaa sakafuni. Kila nilipofumba macho niliona ile sweta.

Mama akaingia na karai lake kichwani. Akanusa.

"Nini imeungua?"

Nikamweleza, nikamwambia nilinunua ile nzito, nilifanya kila kitu sawa.

"Ndani uliangalia?"

"Mama, hii si samaki."

Akatua karai, akakaa kwenye kigoda. "Yule mtu wa duka," akasema, "yeye na wale wa Wanyange, ni watu tofauti? Mimi nilikufundisha kuangalia tumbo. Wewe ulishika mgongo tu."

Kesho yake nilifungua lile sanduku. Wewe usifungue, tafadhali, maana umeme hubaki ndani hata waya ukishachomolewa, na mimi nilikuwa na bahati tu. Ndani nilikuta vifaa vichache vyembamba vilivyoungua, na pembeni, limebandikwa kwa gundi, tofali dogo la saruji. Saruji, Khainza. Mtu alikaa mahali fulani akaikoroga, akaimimina, akasubiri ikauke, ili binti wa muuza samaki aipime kwa mkono na kuridhika. Nilikasirika, ndiyo, lakini nakiri pia nilishangaa. Nililigeuza tofali lile huku na huku nikitaka kujua waliwaza nini. Mama alipoliona alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Sasa peleka Mbale. Kwa simu hapana. Peleka mwenyewe."

Kwa nini mashine ilifanya kazi kwa barua ikafa kwa gemu? Hilo swali lilinishika njia nzima. Nikaja kuelewa baadaye: kuandika barua hakuhitaji umeme mwingi, lakini gemu likianza, kadi inadai sehemu yake yote kwa mara moja. Sanduku langu halikuwa na cha kuipa. Lilipozidiwa likaachia umeme mbovu, ukaiua kadi na madabodi pamoja.

Nabuyonga nilimkuta Mafabi akifua. Nikampa sweta, kadi ndani yake, na tofali juu. Nikamweleza yote bila kupunguza. Alikaa kwenye ngazi ameishika ile kadi. Mikono yake ilikuwa bado na povu.

"Afande nitamwambia nini?" akauliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nitamwambia mimi," nikajibu.

Kisha akachukua lile tofali, akalitazama, akalinusa. "Na gundi waliweka wapi?" Nikamwonyesha. "Na kibandiko kiliandika wati ngapi?" Nikamwambia. Akauliza hili na lile, na mengine sikuyajua, na nikasema siyajui. Tulikaa pale mpaka nguo zikasahaulika kwenye beseni. Nadhani siku ile ndiyo tuliyoanza kusoma ufundi kwa kweli, mimi na baba yako, wakati cheti tulikuwa nacho tayari.

Miezi iliyofuata tuliunda mashine nyingine. Ilitokana na kompyuta kuukuu ya ofisi, na kadi ndogo isiyo na makuu, ila safari hii tuliandika kila kifaa kinataka umeme kiasi gani kabla hatujatafuta chochote. Pawa saplai ilikuwa ya kwanza kununuliwa. Ilikuwa na wati chache kuliko ile ya saruji, na ilitoka kwa fundi aliyekubali kuifungua mbele yetu.

Agosti ikafika, ngoma za imbalu zikapita barabarani, na afande akaja. Nilikuwa nimejipanga na maneno mengi. Nilipomwona na buti zake yakapotea yote, nikasema tu, "Afande, kadi yako niliiunguza mimi. Nilijua kuangalia na sikuangalia." Akanitazama, akamtazama mdogo wake. Akasema, "Hiyo ingine inafanya?" Nikasema inafanya. Akavuta kiti, akashika kidhibiti cha kuchezea, na kabla sijawasha akaninyooshea kidole: "Ngoja. Kwanza nionyeshe tumbo." Mafabi alikuwa amemsimulia yote. Nikafungua ubavu wa kasha, nikamwonyesha kifaa kimoja kimoja na kazi yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungwa mabao manne na mdogo wake, akasema ni kosa la kidhibiti.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Geuza orodha yako juu chini. Anza kwa kujiuliza unataka kucheza gemu gani, na kioo chako ni cha ukubwa gani, kwa sababu kadi ya kifahari kwenye kioo kidogo unaitesa bure. Ukishajua kadi na prosesa, jumlisha umeme zinaoutaka, uongeze na akiba, ndipo utafute pawa saplai inayotosha kweli. Usiamini uzito wala namba kubwa ya kibandiko. Chungulia kwenye matundu, mwulize fundi ameitumia kwenye mashine gani, na asiyekubali kukurudishia ikifa, mwachie. Ukipata kompyuta kuukuu ya ofisi usiidharau, ila pima kwanza kama kadi itaenea ndani, na kama plagi zake zinalingana, maana nyingi zina plagi za peke yake. RAM nunua mbili ndogo zinazofanana badala ya moja kubwa. Weka na stabilaiza ya kutuliza umeme, kwani hapo Jinja mnakaa jirani na bwawa la umeme, na bado unaruka. Taa za rangi ziache mpaka mwakani. Na kabla hujaondoka na kadi iliyotumika, iwashe palepale dukani, ucheze gemu lenyewe nusu saa. Barua si kipimo.

Zaidi ya hayo yote, uliza. Usione haya kuonekana hujui. Mimi niliona haya kumwuliza mama yangu, aliyekuwa hajui kompyuta lakini alijua wauzaji.

Ukirudi nyumbani likizo, angalia mlango wa jikoni kwenu. Lile tofali dogo la kijivu linalouzuia usifungwe na upepo, ambalo umejikwaa nalo tangu unatambaa, na mama yako kila mara anataka kulitupa na baba yako anakataa bila kusema sababu. Ndilo hilo. Linyanyue, ulipime mkononi, uone lilivyo zito.

Mungu akupe mikono iliyotulia na macho yasiyoridhika haraka. Akukutanishe na wauzaji waaminifu, na ukikutana na wengine, akupe rafiki kama baba yako. Mashine yako iwake, idumu, na siku nikija Walukuba unifunge mabao mpaka nilalamikie kidhibiti. Ila kwanza futa lile neno "yoyote."