Shati la Mwoshaji

Waliokuwepo Jumapili ile uani kwetu ni hawa: mimi, binti na mzaliwa wa kwanza; mdogo wangu wa kike anayenifuata, akinyonyesha; kitinda mimba wetu, mwenye televisheni; shangazi yetu, dada wa marehemu baba, ambaye masikio yake yamechoka lakini hakosi filamu; vijana wawili wa pikipiki, marafiki wa kitinda mimba; na mzee mwosha maiti wa mtaa wetu, aliyekaa mbele kabisa juu ya bidoni, dumu tupu la maji, kwa sababu macho yake hayaoni mbali. Hakuwepo mwingine. Nawataja wote kwa sababu katika filamu za wapelelezi hilo ndilo swali la kwanza, na kwa sababu baadaye watu wengi wa mtaani walidai walikuwepo, na si kweli.

Televisheni aliinunua kitinda mimba, mdogo wangu wa kiume, kwa kazi yake ya kutengeneza simu karibu na stesheni. Aliweka paneli ya jua juu ya bati, na kila Jumapili mchana alitoa meza nje, chini ya baraza, tukatazama mpaka betri ichoke. Alipenda filamu za aina moja tu: mtu ameuawa, wapelelezi wanatafuta, kisha kesi inasikilizwa mbele ya majaji wenye majoho. Kifaransa changu kiliishia darasa la sita, kwa hiyo yeye ndiye alitufasiria.

"Huyu njo ameua?" shangazi alikuwa akiuliza kwa sauti ya sokoni, kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambacho "njo" ni ndiye.

"Hapana, shangazi. Huyu njo juji."

"Mbona iko na sura ya muuaji?"

Tulicheka, na mzee mwosha maiti alicheka kuliko wote, akipiga goti kwa kiganja.

Mimi kilichonishangaza katika filamu zile si ujanja wa wapelelezi. Ni wingi wao. Maiti mmoja amelala kando ya barabara, wanakuja watu na magari, wanamzungushia utepe, wanampiga picha, wanaokota unywele kwa kibano na kuuweka mfukoni kama dhahabu. Miaka ya vita niliona maiti wengi hapa Kindu na sikuona hata mmoja aliyezungushiwa utepe. Tulifagia, tukamwaga maji, tukazika. Aliyeuliza nani ameua alijitafutia kufuata.

Baba yetu alikuwa mchuuzi wa mchele. Aliutoa njia ya Pangi kwa baiskeli, akautembeza mtaani. Mji ulipozingirwa baiskeli ililala, mchele ukaisha, tukala sombe, majani ya muhogo, bila chumvi wala mafuta. Hakuna aliyeweza kwenda shambani bila kukutana na wenye bunduki, wa upande huu au wa upande ule. Asubuhi moja baba alisema watoto hawawezi kulala tena na njaa, akachukua jembe, akaenda kung'oa muhogo wetu. Tulisikia milio, lakini milio tuliisikia kila siku. Alipochelewa, mama na mimi tukatoka. Tulimkuta kwenye njia ya shamba. Tulirudi nyumbani kuchukua baiskeli, tukamlaza kwenye kiti cha nyuma, tukamfunga kwa kamba kama tulivyokuwa tukifunga gunia la mchele, tukamsukuma hadi nyumbani. Mama alishika usukani, mimi nilishika miguu ya baba isiburuzike.

Masika yaliyofuata homa ilimchukua mama. Mjomba, kaka yake, alikuja kwa shida kutoka Kampene, akasema anaweza kumchukua mtoto mmoja. Nilimpa kitinda mimba, kwa sababu alikuwa ameanza kuvimba miguu na kule kulikuwa na chakula. Mimi niliacha shule, nikabaki na mdogo wangu wa kike, nikauza sombe na mawese. Nilijiambia kwamba siku moja nitawakusanya tena chini ya bati moja, na nilifanya hivyo, ingawa yule niliyempeleka akiwa hajui kufunga kifungo alirudi na ndevu.

Alirudi pia na jambo ambalo sikulijua. Mjomba ni Mkristo, si Mwislamu kama sisi, na watu wa kwake wana desturi yao ya msiba: nguo za marehemu hufungwa furushi, huwekwa chumbani mpaka siku ya kuondoa matanga, kisha hugawiwa ndugu wa damu peke yao. Mtu wa nje akionekana na nguo ya marehemu huulizwa ameipata wapi, na asipokuwa na jibu hafiki mbali. Mdogo wangu alikua katika dini na desturi hiyo. Na ndani ya kichwa chake alikuwa na picha moja tu ya siku zile za Kindu: mwanamume anapita mbele ya nyumba yetu, amevaa shati la bluu la baba, na ubavuni pana kiraka. Hakuwahi kuniambia. Alikuwa akimtazama mzee, Jumapili baada ya Jumapili, akijaribu kumvalisha lile shati akilini.

Siku ile filamu ilikuwa ya mwanamke aliyeshitakiwa kumuua mumewe. Mimi nilikuwa jikoni, pembeni ya ua, nikigeuza wali. Wakili alileta shati la marehemu ndani ya mfuko wa plastiki, akaliinua juu ili majaji waone damu. Ghafla sauti ikakatika. Nikageuka, nikaona picha imesimama, shati linaning'inia hewani, na mdogo wangu amesimama mbele ya mzee na kile kidude cha kuongozea televisheni mkononi.

"Muzee, niko na swali moja."

"Uliza, mwanangu. Lakini usizime, huyu mama iko karibu kusema kweli."

"Ile shemisi ya bulu ya baba yangu, yenye kiraka kwa ubavu, weye njo uliivaa?"

Mzee hakusita. "Ndiyo, miye. Niliivaa mpaka ikaisha kwa mabega."

"Ee!" kijana mmoja wa pikipiki akaruka. "Anaitika mwenyewe! Kwa filimu ingeisha hapa."

"Na maiti ya baba, uliiona?"

"Niliiona."

"Risasi iliingilia wapi? Mbele ao kwa mugongo?"

Hapo mzee alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Ile sijibu. Uliza ingine."

"Juu ya nini haujibu?"

"Sijibu tu, mwanangu. Niliisha kuapa zamani sana."

"Mutu mwenye kunyamaza mbele ya juji," mdogo wangu akasema, na sauti yake haikuwa yake, ilikuwa ya wale mawakili, "njo amejihukumu."

"Filimu imekufa?" shangazi akauliza. "Betri imekwisha?"

Kijana wa pili wa pikipiki alikuwa ameshuka hadi jikoni kwangu. Aliinama, akachomoa tofali lililokuwa likizuia upepo kwenye moto wangu. "Tunangoja nini?" alisema. "Miaka yote anakula wali yenu. Tumupeleke barabarani."

Kila mtu wa mji huu anajua maana ya kupelekwa barabarani. Mtu anapigiwa kelele, watu wanatoka kila upande bila kuuliza, na baadaye panabaki alama nyeusi ya moto ambayo mvua mbili haziitoi. Niliacha mwiko ndani ya sufuria. Lakini kabla sijafika, mdogo wangu alimshika mzee ukosi na kumvuta asimame. Bidoni tupu ikateleza. Mzee akaanguka juu ya mkono wake wa kulia, na nikausikia mfupa.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini, kati ya mzee na yule mwenye tofali, nikanyoosha miguu yangu kama mtu anayechambua mboga.

"Rudisha tofali pale ulilitoa," nikamwambia. "Njo la jiko yangu. Wali inaungua."

Alinitazama. Akamtazama mdogo wangu. Akalirudisha.

"Na weye," nikamwambia mdogo wangu, "filimu zako zinaanza na nini? Si na nani alikuwako? Mbona ile uliiruka?"

"Yaya, dada yangu, toka hapo."

"Uliza."

Alikuwa akihema. Mwishowe akauliza, taratibu, kama mtoto: "Nani alikuwako?"

"Miye, mama, na huyu. Basi."

Nikamweleza mbele ya wote. Tulipomfikisha baba nyumbani, mama alituma salamu kwa wanaume wa mtaa waje kumwosha, na hakuna aliyefungua mlango. Siwalaumu, risasi zilikuwa zikipita juu ya migomba. Mzee huyu, ambaye wakati ule hakuwa mzee, alikuja akitambaa nyuma ya nyumba, anavuta ndoo yake kwa kamba aliyoiuma kwa meno ili mikono ishike ardhi. Mama na mimi tulishika vitenge viwili kuwa pazia, tukageuza nyuso. Alipohitaji pamba, mama alichana mto wetu wa kulalia. Maji yalipoisha nilikwenda kuteka kwenye pipa la jirani. Sanda ilikuwa pazia la dirisha. Kisha akachimba peke yake, kwa jembe lile lile la baba, amepiga magoti kwa sababu kusimama hakukuwezekana.

"Na kwetu Waislamu wa hapa," nikasema, "nguo ambayo marehemu amefia ndani yake ni haki ya mwoshaji. Si ya ndugu. Huyu aliikataa. Alisema mama akaibadilishe kwa muhogo. Mama akamwambia, usitufanye tuonekane watu wasio na kitu. Aliifua yeye mwenyewe, akaishona pale ilipotoboka, akamvika kwa lazima."

Mdogo wangu alikuwa amekaa chini sasa.

"Mwoshaji hasemi alichokiona kwa maiti," nikaendelea. "Njo kiapo yao. Akisema, kazi yake yote imeharibika. Lakini miye si mwoshaji. Nilimuona mama akishona. Kiraka cha ubavuni ulichokiona ni pale risasi ilitokea. Tundu la kuingilia lilikuwa kwa mugongo. Sasa unajua. Utamukamata nani?"

Nimelifikiri swali lile tangu ujana wangu. Wa upande huu walipiga watu migongoni, na wa upande ule pia. Hakuna filamu itakayoniambia ni kidole cha nani. Aliyempiga baba labda amekufa, labda ni mtu mzima anayenunua mawese kwangu na kusema aksanti mama.

Vijana wa pikipiki waliwasha pikipiki zao. Mmoja alijikaza kusema, "Tulidhani tu tunasaidia," na mdogo wangu wa kike, mtoto kifuani, akamwambia, "Basi saidia kumupeleka hospitali." Akampeleka. Mdogo wangu alikaa nyuma akimshikilia mzee. Wali uliungua na hatukuula.

Mkono ulipona vibaya. Umekaa kama tawi lililoota upande, hauwezi kuinua ndoo iliyojaa. Tangu hapo mtaa wetu hauna mwoshaji. Mtu akifariki tunatuma ng'ambo ya mto, na huyo huja anapopata mtumbwi. Mara mbili nimeona maiti akingoja mpaka jua kali, na wenye msiba wakinitazama mimi wakati wakipunga nzi.

Mama alikuwa ameahidi kwamba vita ikiisha tutampa mzee haki iliyobaki, yaani kuku na kitambaa cheupe. Hilo nililijua siku zote, na kila mwaka kulikuwa na ada ya shule ya mdogo wangu wa kike au dawa ya mtu. Baada ya Jumapili ile nilimweleza kitinda mimba, naye akatafuta jogoo na kitambaa, akavipeleka mwenyewe. Nilikwenda naye nisimame mlangoni. Mzee alimpokea jogoo, akampapasa kifua, akasema amenenepa. Kitambaa alikigusa, akakirudisha.

"Hii ukae nayo kwako," akasema. "Njo yangu ya safari. Watoto wangu wawili waliingia shimo la dhahabu, hawakutoka. Siku yangu ikifika, atakuja yule wa ng'ambo kuniosha. Lakini mutu wa kubeba maji sina. Utabeba weye."

"Muzee, miye niko Mukristo."

"Nimesema ubebe maji. Sikusema uongoze sala." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Na utashika pazia. Utageuza uso. Na kile utakiona, hautasema."

Mdogo wangu alisema ndiyo.

Mzee bado anakuja Jumapili. Siku hizi anakaa kwenye kiti chenye mgongo, na mdogo wangu ndiye anayemletea sahani, kwa sababu ya ule mkono. Jumapili ya kwanza aliporudi aliomba filamu ile ile, alitaka kujua kama yule mwanamke alisema kweli. Hakuwa ameua. Shangazi alisikitika, alikuwa na hakika naye tangu mwanzo.

Kitambaa kiko ndani ya sanduku langu pamoja na kafuri. Nyuma ya mlango ipo ndoo mpya ya bati ambayo mdogo wangu aliinunua, na amekataza mtu yeyote kuifulia au kutekea maji. Kila ninapofagia naisogeza, nafagia chini yake, nairudisha mahali pake, kavu.