Uwele wa Kurithi

Kabla ya mvua za mwaka ule mama alinikabidhi shamba lake lote, ekari tatu nje kidogo ya Mkonze, na sharti juu yake. Nikikijaza kihenge chake cha nafaka, shamba ni langu. Nikishindwa, nimfuate kaka yangu mjini, kule Nkuhungu, nikabebe zege, na mama arudie jembe lake. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na kiburi cha kutosha ekari mia. Nilimwambia aanze kupumzika.

Wiki hiyohiyo likaja tangazo la ruzuku kwa wakulima vijana. Tukaitwa ofisi ya kata, tukagawiwa fulana za kijani zilizoandikwa "Kijana, Shamba Linakuita", tukazivaa palepale juu ya nguo zilizojaa vumbi la shamba. Mgeni rasmi alituhutubia saa nzima, akitusihi tuache kukaa vijiweni turudi kulima. Tulipiga makofi. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia kwamba tulikuwa shambani mpaka yeye alipotuita.

Baada ya hotuba ukafuata usajili. Mwandikishaji alikuwa kijana mpole kutoka pwani, amesomea kompyuta, ana kishikwambi kipya ambacho bado hajakibandua nailoni. Nilikaa mbele yake, nikampa kitambulisho, akaniuliza, "Haya kaka, una nini?"

Nami, kwa kuwa nilikuja kuandikisha zao, nikamjibu, "Nina uwele."

Akaacha kuandika. "Pole sana. Tangu lini?"

"Aa, tangu babu. Familia nzima tunao."

"Kumbe wa kurithi," akasema kwa huruma, akaandika. "Na mnatumia nini?"

"Asubuhi uji, jioni ugali."

Akaniambia nisikate tamaa. Nikamwona ni mtu mwenye utu, anayeelewa ugumu wa kilimo cha nchi kavu. Hakuna aliyenikumbusha kwamba kwao pwani uwele ni ugonjwa, na kwamba nafaka hiyo tunayokula sisi kila siku huenda hajawahi kuitia mdomoni.

Siku ya tatu simu ikaleta ujumbe: "Ndugu mkulima, umesajiliwa katika kundi la wenye maradhi sugu. Wasilisha cheti cha daktari." Mke wangu aliusoma mara mbili, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo ninamficha.

Nikaenda zahanati. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanipima kweli, maana alisema mfumo haukubali maneno matupu. Akaandika: "Hana uwele." Akagonga muhuri. Nafikiri mimi ndiye mkulima wa kwanza katika nchi hii kuthibitishwa na serikali kwamba hana zao analolilima.

Nilirudi kwa yule kijana. Aliona aibu, akaniomba radhi sana, akafuta ugonjwa wangu. Kisha akateremsha kidole kwenye orodha ya mazao, akapandisha, akateremsha tena.

"Uwele haumo."

"Weka mtama."

"Mtama umo, ila msimu huu hauna mgawo. Yenye mgawo ni mahindi na mpunga."

Mpunga. Huku kwetu maji ya kunywa tunayafuata kwa baiskeli.

Ningeweza kuinuka pale nikaenda zangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu utani wote huu ninaousimulia haunitoi mimi lawamani. Mifuko ya mbolea ilikuwa imepangwa nyuma yake, myeupe, na mbegu zenye rangi ya waridi, na wenzangu walikuwa wanapakia. Nikasema, "Weka mahindi." Akauliza ekari ngapi. Nikasema tatu.

Mama aliziangalia zile mbegu kwenye kiganja. "Mwanangu, mahindi hapa? Ekari zote?"

"Mama, ni mpango," nikamjibu. "Watakuja kukagua."

Na kweli walikuja. Januari mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, yamenawiri hata mimi niliyaogopa. Bwana shamba, ambaye kwake amepanda uwele, alinipongeza kwa kukubali mabadiliko. Wakanipiga picha nimeshika jani. Picha hiyo ipo ukutani ofisini kwao mpaka leo, na chini yake wameandika kwamba kijana huyu amejikomboa.

Februari mvua ikakata, kama inavyokata karibu kila mwaka, jambo linalojulikana na kila mtu isipokuwa orodha. Mbolea ikabaki kwenye udongo mkavu ikiunguza mizizi. Ndani ya wiki mbili mahindi yalijikunja, na ng'ombe wa watu wakaingia bila mimi kuwafukuza. Ng'ambo ya mpaka wa shamba, jirani yetu, mama mmoja mjane aliyegoma kuweka alama ya kidole kwenye usajili ule kwa ajili ya vya bure, alivuna uwele wake kimya kimya. Mimi nilipigiwa simu kutoka ofisini kuulizwa nimepata nini. Nikasema mabua. Ikaja meseji ya kunishukuru kwa ushiriki wangu.

Kufikia Oktoba kihenge kilikuwa kitupu. Juu ya jiko, kwenye moshi, yalibaki masuke ya uwele ya mbegu, yale marefu ambayo mama huyachagua mwenyewe shambani kila mavuno, kama alivyofundishwa na mama yake. Aliyashusha asubuhi moja, akayapura, akasaga, akapika uji. Watoto wangu walikuwa na njaa. Mimi pia nilikuwa na njaa, nikanywa bakuli mbili.

Mawingu ya Desemba yalipoanza kujikusanya mimi na mama tulikwenda kwa yule jirani kuomba mbegu. Nilimwamkia, nikaeleza shida yetu kwa kirefu, nikaahidi kumrudishia mara mbili wakati wa mavuno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu kimejaa. Nikanyoosha mikono yote miwili kupokea, akanipita, akamkabidhi mama.