Mkono Ulioishia Begani

Siku ya kwanza niliyochezesha softiboli, kule Butiama, niligombana na timu zote mbili kabla jua halijapanda vizuri. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, mgeni kazini. Mwalimu Mkuu alinipeleka semina ya siku tano kwa sababu walimu wa kiume wote walikuwa wamejazana kwenye mpira wa miguu. Nikarudi na kitabu cha sheria, kofia, na kiburi kidogo.

Shida ya asubuhi ile ilikuwa rede. Mabinti wa huku wamekulia kwenye rede: wawili wanarusha mpira, aliye katikati anakwepa, akiguswa ametoka. Sasa wape softiboli. Mpigaji kapiga, anakimbilia besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne anavyozunguka, na mlinzi badala ya kumrushia mwenzake wa pale kwenye besi, anamtwanga mkimbiaji mgongoni. Puu! Timu nzima inaruka juu: "Auti! Kapigwa!" Nami nanyoosha mikono kando na kupaza sauti: "Sefu! Hajatoka!" Nusura wanitafune.

Nikawaweka chini nikawaeleza. Mpira uliorushwa ukimgusa mkimbiaji kwa bahati mbaya, mchezo unaendelea. Mpira uliotoka kwenye gongo ukimkuta nje ya besi kabla haujampita mlinzi, hapo ametoka. Mmoja akaniuliza, "Sasa mwalimu, mpira si ni uleule?" Nikamwambia asome kitabu.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mwamuzi Mkuu wa mkoa wakati ule, mzee mmoja mrefu wa Tarime, mkali wa sauti lakini hana kinyongo. Alikuwa hapendi tuchanganye makosa mawili. Kuingilia ni kosa la mkimbiaji: mlinzi yuko kwenye mpira, wewe unamgonga, au unaugusa mpira makusudi, basi umetoka. Kuzuia ni kosa la mlinzi: huna mpira, halafu unasimama njiani kwa mwenzako anayekimbia. "Ukichanganyikiwa," alikuwa akisema, "jiulize nani ana haki ya kuwa pale alipo sasa hivi."

La pili alilokazania lilikuwa mkono. Mwamuzi akiunyoosha mkono juu na kuita "Taimu!" mchezo umesimama, mpira umekufa, hata mchezaji akiubeba kichwani si kosa. "Kwa hiyo mpira ukiwa hai, mama, mkono ukae chini. Hata sikio likikuwasha, acha liwashe." Tulicheka sana siku ile.

Nikahamishiwa Bunda. Huko niliongeza somo ambalo halimo kitabuni, maana uwanja wetu ulikuwa njia ya ng'ombe. Kuna siku mpira uliopigwa ulimkuta ndama ubavuni, na makocha wote wawili wakanijia mbio, kila mmoja na sheria yake. Niliita taimu, nikasubiri mwenye ng'ombe apite na kundi lake, tukarudia. Alinisalimia kwa adabu kabisa, wala hakuwa na haraka.

Nikiwa bado Bunda ndipo nilipopangiwa fainali ya shule za mkoa, Musoma. Butiama na Kibara. Mshindi anakwenda mashindano ya kanda, Mwanza. Mimi nimeolewa Kibara, nikienda ukweni nilikuwa napita shuleni kwao kuwafundisha sheria, na kocha wao alikuwa mdogo wake mume wangu. Nilimwambia Mwamuzi Mkuu kabisa. Akasema, "Waamuzi tuko wawili, mimi na wewe. Unataka nimwite nani, ng'ombe wa Bunda?" Basi yeye akasimama nyuma ya mdakaji, mimi nikawa mwamuzi wa besi.

Zamu ya mwisho, Kibara walikuwa nyuma kwa pointi moja na wawili wao wameshatoka. Akitoka wa tatu, mchezo umekwisha. Mtu wao alikuwa besi ya pili, binti mwembamba wa kidato cha pili anaitwa Nyangeta, mtoto wa wavuvi. Mwenzake akapiga, Nyangeta akachomoka, akafika besi ya tatu. Mpira ukarushwa kumfuata, ukadunda vibaya, ukampiga mlinzi wa besi hiyo gotini. Binti wa watu akaanguka chini analia. Mpira ukabiringika, ukasimama miguuni pa Nyangeta.

Jamani, nyumbani, ile besi ya mwisho ya kupatia pointi, palikuwa peupe! Mdakaji alikuwa ameshapaacha. Shemeji yangu anapiga kelele mpaka sauti inakatika: "Kimbia! Nyangeta, kimbia!" Angekimbia tu, pointi zingelingana.

Nyangeta akainama, akaokota mpira, akapiga goti kidogo namna tunavyolelewa huku, akampa yule aliyeanguka kwa mikono miwili. "Pole dada. Karibu."

 Nikanyoosha ngumi. "Auti! Ameingilia!" Mchezo ukaisha hapohapo.

Shemeji alinifikia kabla sijashusha ngumi. "Shemeji, si ulikuwa umesimamisha? Mtu ameumia! Sema tu ulikuwa umeita taimu." Mwamuzi Mkuu naye akaja taratibu, akavua kofia yake ya chuma. Yeye alikuwa akimwangalia aliyepiga mpira, hakuona upande wangu. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwamuzi, uliita taimu?"

Nikasema, "Hapana, sikuita."

Na kweli sikuita. Ila kuna jambo ambalo sikulisema siku ile, na sikulisema kwa miaka mingi. Yule binti alipoanguka, mkono wangu uliinuka wenyewe. Ulifika begani, nikakumbuka mpira uko hai, nikaushusha. Ni kufumba na kufumbua. Nilijiambia hakuna aliyeuona, na kwamba mkono bila sauti si taimu. Kitabu kinaniunga mkono. Roho yangu haikuniunga.

Kibara nilinuniwa karibu mwaka mzima. Nikienda mwaloni kununua samaki, wale mama wananiangalia usoni, sato wametandazwa pale wanameta, wananiambia, "Wameishaga, mama mwamuzi." Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu mara nyingi, nikakasirika, kisha nikazoea. Nilistahimili kwa sababu mimi ni mtu mzima. Nyangeta wenzake walimbandika jina la Karibu. Akipita darasani, "Karibu, mpira huu." Muhula uliofuata aliacha kucheza. Habari hiyo aliniletea shemeji, na niliumia kuliko kwa ajili ya samaki wote wale. Mkimbiaji mwenye mbio vile sikumpata tena.

Nilimalizia kazi Musoma. Nilichezesha mpaka magoti yakagoma, nikafundisha waamuzi vijana, na mwaka juzi wakanifanyia sherehe ndogo ya kustaafu. Wageni walipokuwa wanakula akaja mama mmoja mnene kiasi, kavaa vizuri, kanishikia mfuko wa sato wakubwa. "Shikamoo mwalimu. Hawa hawajaisha." Nilimtambua alipocheka. Alikuwa muuguzi Mugango, ana watoto watatu.

Nilimvuta pembeni. Nikamwambia wazi, bila kuzunguka: "Nyangeta, siku ile mkono wangu uliinuka. Sikuwaambia watu. Naomba unisamehe."

Akaniangalia kwa mshangao. "Mwalimu, mimi si niliuona?"

"Uliuona?"

"Niliuona. Nikajua umesimamisha, ndiyo nikaokota ule mpira. Ningeokotaje mpira hai? Si ulikuwaga unakuja shuleni kutufundisha hilo?"

Nikavuta kiti, nikakaa. Miaka yote hiyo nilimhesabu mtoto aliyeponzwa na adabu, kumbe alikuwa anaijua sheria kuliko watu wote uwanjani, mimi nikiwemo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Mwamuzi Mkuu alikuwa palepale, kocha wake palepale. Neno moja tu.

Akaupanga vizuri mkono wa kitenge chake, kama aliyeulizwa jambo dogo. "Mwalimu, ulikuwa umeshajibu hapana mbele ya watu wazima wote wale. Na mimi mtoto nisimame niseme umekosea?"

Nililia siku ile, sherehe ikaniharibikia kidogo, wakadhani nalilia kazi.

Waamuzi vijana wananitania kwamba mimi nikisimama uwanjani, hata kama mtazamaji tu, nashika mikono nyuma kama mfungwa. Wanaiga, wanacheka. Nawaacha wacheke. Lakini kila ninapoanza darasa jipya, kabla ya kitabu, nawasimulia habari ya Nyangeta wa Kibara. Nawaambia, mkono wako ukiinuka kwa bahati mbaya, usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe, palepale, kwa sauti, maana yuko mtoto amekuona na hatasema.