Korongo wa Ziwani na Debe la Shangazi

Sikurudi kijijini kwetu Unyambwa mikono mitupu kama baadhi ya wenzangu. Nilirudi na stashahada ya wanyamapori niliyojisomesha mwenyewe kwa kubebea watalii mizigo mlimani, na darubini shingoni. Novemba yote, kabla jua halijapanda, nilikuwa kando ya Ziwa Singidani nikiandika ndege waliokimbia baridi ya Ulaya. Wachungaji walinipita wakicheka.

"Huyo kasoma miaka yote ili aje kuhesabu ndege?"

Nikaendelea kuandika. Asiyejua maana haambiwi maana.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakucheka. Kwake korongo weupe ndio kalenda. Wakifika, uwele unapandwa hata kama udongo ni mkavu, maana mvua iko nyuma yao. "Ukiwaona uniambie," alisema. "Macho yangu hayafiki tena mbali." Alikuwa amebakiwa na debe moja la mbegu. Mwaka uliotangulia haukumpa kitu.

Asubuhi moja nikawaona, kundi zima limesimama kwenye maji ya ukingoni. Nikaenda kwake mbio.

"Shikamoo shangazi. Korongo wamefika."

"Marahaba. Una hakika?"

"Shangazi, mimi nimesomea."

Akapanda debe lote.

Kesho yake hapakuwa na korongo hata mmoja. Wiki zikapita, anga jeupe, upepo na vumbi tu. Sisimizi na kware wakamaliza mbegu ardhini.

Akaniita uani kwake, majirani wakisikia.

"Uliwaona wapi?"

"Ziwani."

"Ziwani! Si shambani?"

"Korongo ni korongo, shangazi."

"Wa ziwani ni mpita njia, kasimama apumzike. Wa mvua anatembea shambani akifuata panzi. Kila mchunga mbuzi hapa anajua."

"Basi ungemtuma mchunga mbuzi. Mimi nilisema korongo wamefika. Sikusema mvua imefika."

Jirani mmoja akaguna. Shangazi akanyoosha kidole kwenye lango la miiba. "Toka. Na hilo dude lako la shingoni."

Nilitoka nikiwa na hasira, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Ni mimi peke yangu katika ukoo mzima niliyeweza kukutajia korongo yule anazaliana nchi gani. Lakini kujua anakotoka hakukunisaidia kujua anakwenda wapi, na sikuwa nimemuuliza mtu.

Nikaenda sokoni Mkiwa, nikatafuta mbegu ya uwele, nikaweka debe lililojaa mlangoni kwake. Sikutaka isemwe kwamba msomi kamuua shangazi yake kwa njaa. Alilipita kama jiwe. Siku nne debe likakaa palepale, kuku wakilizunguka.

Siku ya tano mawingu yalijikusanya upande wa mashariki. Nilipokuwa nikipita njia ya shambani kwake nikawaona korongo kwa macho yangu matupu: wanatembea polepole katikati ya mabua makavu, wanadonoa panzi. Shangazi alikuwa keshafika, mbegu za lile debe kazifunga kwenye khanga kiunoni, majembe mawili chini.

"Shikamoo shangazi."

Akakaza fundo la khanga.

"Wamefika," nikasema.

Akanisukumia jembe kwa mguu.

"Wewe chimba," akasema. "Kuangalia niachie mimi."