Nyuzi Kumi na Saba

Wanawake wa mtaa wa Fordsburg wana lawama moja siku hizi kwa fundi Tabia: kazi zake zinatoka na nyuzi. Gauni limekukaa vizuri, pindo limenyooka, halafu ukiligeuza unakuta uzi unaning'inia. Wanasema macho yake yamechoka. Wamwache na macho yake, Tabia anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Alifundishwa kushona Tanga, na shangazi mkali ambaye hakukubali nguo itoke dukani na uzi hata mmoja. Akiukuta, anakuchapa vidole kwa futi ya mbao. Basi mkono wa Tabia ukazoea: mshono ukiisha, mkasi unafuata, kichwa kinawaza mengine. Amekaa Johannesburg miaka ishirini na mbili na mkono haujabadilika.

Mwaka jana Sipho alimletea kazi. Huyu ni mtoto wa rafiki yake Paulina, mwanamke wa Morogoro aliyeolewa na mpigania uhuru wa huku, kisha akamfuata kwao ukimbizi ulipokwisha. Sipho anafanya kazi kwenye jumba la sanaa kule Sandton. Kiswahili chake kimeota kutu, lakini adabu anayo.

"Mama mdogo, hii imetoka Italia," alisema, akilaza mezani kitu kipana kama mlango. "Njiani mshono mmoja umeachia. Mabosi walitaka mtu wa Cape Town, mimi nikasema namjua fundi. Nimewaahidi nitasimama hapa mpaka umalize."

Tabia hakujua akiite mchoro au sanamu. Lilikuwa turubai lililopakwa rangi ya udongo na chokaa, ila lilivimba: mito iliyojazwa pamba imeshonewa juu yake, mikubwa kwa midogo, na rangi imepita juu ya mito na mishono pamoja. Hapakuwa na mtu, mti wala nyumba. Sipho akamwambia si lazima ifanane na kitu. Tabia akasema moyoni kwamba basi fundi huyo ana raha, hakuna mteja wa kumwambia imembana.

Sipho alisimama robo saa, njaa ikamzidi, akaenda kutafuta biriani. Tabia akamaliza kushona, akapiga fundo, akakata uzi wake. Kisha, huku akisikiliza mawaidha redioni, akakata na zile nyingine, nyuzi nyekundu zilizoning'inia huku na huku kwenye mito. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa kutafuta iliyosalia.

Ndipo akafungua simu kutazama picha ambayo Sipho alimtumia, alinganishe. Kwenye picha nyuzi zote zilikuwepo, ndefu, na ndizo pekee zilizokuwa nyekundu kwenye kazi nzima. Akauweka mkasi mezani.

Angeweza kusema. Lakini alikumbuka jinsi kijana alivyomsemea kwa mabosi, na aibu ikamshinda. Akaziokota sakafuni, kumi na saba, akazitia kwenye kopo la biskuti. Akachukua uzi mwekundu wa dukani, akashonea nyingine mahali pale pale, kwa urefu ule ule. Sipho aliporudi alikuta kazi imeisha.

"Sharp, mama mdogo, safi kabisa. Huwezi hata kujua." Akatia saini karatasi ya kuthibitisha kwamba hakuondoka pale.

Maonyesho yalipofunguliwa, Tabia alialikwa. Msanii aliyeitengeneza kazi ile, Donata, mama wa makamo mwenye mvi, alisimama mbele ya wageni akazungumza, na Sipho akawa anamtafsiria Tabia sikioni. Mishono ile yote ilikuwa ya mama yake Donata, aliyekuwa fundi wa nguo. Mwezi wake wa mwisho alimsaidia binti yake kushona mito. Kila jioni alipochoka aliuacha uzi pale alipofikia, ili aendelee kesho. Alishona siku kumi na saba. Siku ya kumi na nane hakuamka.

Donata akaushika uzi mmoja kwa ncha za vidole, macho yamemjaa machozi. Ulikuwa uzi wa Fordsburg, wa duka la nyuma ya wauza viungo. Kisha akamfuata Tabia, akamshika mikono yote miwili.

"Anasema asante," Sipho alitafsiri. "Umeutunza mkono wa mama yake."

Tabia akamvuta Sipho nje ya ukumbi, akamweleza yote.

"Eish. Mama mdogo, nilisaini kwamba nilikuwepo."

"Nyuzi zenyewe ninazo. Tumrudishie."

"Kaa nazo," Sipho alisema, akitazama viatu vyake. "Nakuomba."

Tabia akakubali. Alikubali upesi mno, na akashusha pumzi kama mtu aliyesamehewa. Hilo ndilo linalomuuma kuliko mkasi wenyewe.

Donata alikwisharudi kwao. Kopo liko kwenye rafu, juu ya cherehani, na Tabia hajalifungua tena. Ila tangu siku ile mkono wake ukiufuata mkasi, unasita.

Jumamosi iliyopita Paulina alikuja kuchukua gauni lake, uso umechangamka. "Mwenzangu, Sipho amepandishwa cheo. Wakubwa wake wanasema ni kwa ile kazi ya Italia. Sijui nikushukuru vipi." Akaligeuza gauni, akaona uzi kwenye pindo, akachukua mkasi mezani aukate mwenyewe.

Tabia akamdaka mkono.

"Uache, Paulina. Nitaumalizia kesho."

Paulina akacheka, maana harusi ya kuvalia gauni lile ilikuwa mchana ule ule.