Mke Mwenzangu wa Chuma

Siku ile naikumbuka vyema, mwanangu, maana ndiyo siku niliyosusa kupika. Ilikuwa Ijumaa, hapahapa Matrah, huku Oman. Babu yako Nassor alirudi kutoka kusali, akavua kofia aliyosalia, akavaa mpya, akatoka kwenda kutafuta teksi. Mume akibadilisha kofia kwa ajili ya matembezi, mkewe hujiuliza. Mimi sikuwa na haja ya kujiuliza. Nilikuwa nikijua anakokwenda, na mke mwenzangu nilikuwa nikimjua.

Usinitolee macho. Mke mwenzangu alikuwa meli. Na nakusimulia kwa sababu ya hilo begi uliloliweka mlangoni, na huyo mumeo uliyemwacha nyumbani kwenu Al Khuwair baada ya kumwambia achague, wewe au lile gari bovu la marehemu babake analoshinda nalo gereji kila Ijumaa.

Babu yako alinioa mimi kigori, yeye ana mvi. Ujana wake aliumaliza kwenye manowari ya Waingereza, miaka ile baina ya vita vikuu viwili, wakati vita hakuna lakini manowari zinazunguka tu baharini kuonyesha mizinga yao. Meli yake ilikuwa ikihudumia nyambizi, zile zinazozama na watu wake ndani. Yeye alikuwa fundi wa rangi. Na mabaharia wale walikuwa na desturi yao: wakitia nanga bandari ya Maskati, huandika jina la meli yao kwenye majabali yanayoizunguka bandari, kwa rangi nyeupe, herufi ndefu kupita mtu. La meli yake aliliandika yeye, ananing'inia kwa kamba. Tulipohamia Oman kutoka Unguja, mama yako bado mdogo, babu yako akalikuta jina la meli yake bado lipo. Toka hapo ikawa kila Ijumaa anakwenda kulitazama.

Jina lenyewe sikutajii. Silitaji.

Nilikuwa na wivu, mwanangu, wivu wa kunikosesha usingizi. Ukimuuliza harusi yetu nilivaa rangi gani, hakumbuki. Lakini kuna siku aliingizwa ndani ya nyambizi kupaka rangi, na ya siku hiyo alikumbuka hata harufu: mafuta, nguo mbichi na kabichi. Alitusimulia kila Idi. Mlango ulivyofungwa masikio yakamziba, na watu humo ndani walivyokuwa wakinong'ona kama kuna mtoto amelala. Macho yanamng'ara, nami namimina kahawa naomba imuunguze ulimi. Herufi za Kizungu sizijui, ila zile za jina lile nilizijua zote, kwa chuki.

Basi Ijumaa ile wifi yangu mkubwa, Bi Khole, aliyekuwa akikaa nasi, akaingia jikoni akakuta jiko baridi.

"Leo tunakula nini?"

"Muulize kaka yako. Kenda kwa mkewe."

Bi Khole alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Hebu nsikilize, bibi weye. Picha yako ya harusi nnayo sandukuni. Ya Nassor kijana unayo wewe? Mimi dadake sina. Kaondoka Unguja hana ndevu, karudi mtu mzima. Ujana wake hauna pengine ulipobaki, ila pale jabalini. Sasa wataka asende kuutazama?"

"Ndiyo, nataka," nikamjibu. Ujana ule niliutaka mimi, na aliyeupata ni yule mke wa chuma. Lakini jiko nililiwasha.

Miaka ikapita. Macho ya babu yako yakaingia ukungu, halafu yakafa kabisa. Ijumaa moja akaniomba nimpeleke. Mimi! Hakuwahi kuniomba, wala mimi sikuwahi kujitolea. Tulishuka teksi bandarini, nikamshika mkono, akageuza uso kulekule kwenye jabali bila kuelekezwa.

"Lipo?" akauliza.

Nikatazama. Rangi ilikuwa imeliwa na jua na chumvi. Zilibaki herufi mbili, nazo nusunusu. Nisikufiche, moyo uliniruka kwa furaha. Nimeshinda! Niseme neno moja tu, "Halipo", na mke mwenzangu ameachika. Nikageuka nimwone babu yako atakavyolipokea. Amenyoosha shingo, anasubiri, na ile kofia yake ya matembezi, kwa kutoona, kaivaa upande.

Nikaiweka sawa kofia. Kisha nikalitaja lile jina, lote, kwa sauti, mara ya kwanza maishani mwangu. "Lipo," nikamwambia. "Jeupe pepepe."

Akashusha shingo. Fundi wa rangi anajua rangi inakaa muda gani juani.

"Leo umelitaja," akasema.

"Nimelitaja."

"Haya, mke wangu. Turudi nyumbani."

Hakuniomba tena kumpeleka.

Sasa nisikilize. Sikwambii uache wivu. Mimi nnao mpaka leo, na mtu akilitaja jina lile humu ndani, nampa mgongo. Lakini wivu ni wako, ubebe mwenyewe, usimtwike mumeo. Wala usimchagulishe. Anaweza kukuchagua wewe, na nusu yake ikabaki gereji, ukaishi na nusu iliyobaki. Ijumaa nenda naye huko gereji, Wadi Kabir. Kaa, hata kama kiti kina grisi, umuulize babake alikuwa akimpeleka wapi kwa gari lile. Huyo atakayekujibu ndiye kijana ambaye hujawahi kumwona, na mimi wangu nilichelewa sana kumuuliza.

Mwenyezi Mungu akutilieni huruma baina yenu, akuzeesheni pamoja, na macho ya mmoja yakifa, ya mwenzake yabaki. Amina. Na hilo begi usilifungue hapa.