Grili Juu ya Kilango cha Mashua

Mashua ya baba yangu ilifika Murera siku mbili kabla yeye mwenyewe hajafika. Ililetwa na lori refu kutoka Kilifi, ikashushwa katikati ya ploti yetu na kusimamishwa juu ya magogo, mahindi upande huu, msingi wa nyumba ya jirani upande ule. Majirani hawakuhitaji hata siku moja. Kufikia saa kumi ilikuwa imeshapewa jina: safina.

Mimi nilikasirika, na sikuficha. Mzee anastaafu baada ya kuunda na kukarabati mashua za watu maisha yake yote, anarudi nyumbani, na badala ya kununua ng'ombe analeta chombo cha tanga mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya bwawa la shamba la kahawa. Mwenye mashua aliitelekeza miaka mingi, mwishowe akampa. Baba alitaka kuitengeneza akiwa kwake, kwa raha zake, kisha airudishe baharini. Mimi ni binti yake wa kwanza, nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni ananiita maitu, yaani mama. Ukiitwa mama na baba yako unajipa madaraka ambayo hukupewa. Nilimgombeza kama mama.

Lakini nilikuwa naenda kuiona. Nina karakana yangu Ruiru, nachomelea mageti na madirisha, na fundi hawezi kupita kazi ya fundi mwenzake bila kuchungulia. Ndani ya mashua ile ndiko kulikokuwa na maajabu. Baba alinieleza kuwa nyingi za umri huo zina mpangilio mmoja: unaingia kwa mlango wa nyuma, unashuka ngazi, jiko liko papo hapo karibu na ngazi, viti katikati, na kitanda mbele kabisa, chini ya kilango kinachofunguka juu kwenye sitaha. Hii walikuwa wameigeuza. Jiko lilikuwa mbele, mahali pa kitanda. Kitanda kilikuwa kimekingama katikati, lazima ukipande ili upite. Na choo, ambacho kwingine hubanwa kama kabati, hapa kilikuwa kikubwa kuliko jiko, upande wa kushoto, na mlango wake wa kufunga vizuri.

Juu ya choo hicho, mtu alikuwa ametoboa kilango kingine, na mtu mwingine baadaye akakiziba kwa ubao na kupaka rangi. Kwa macho huoni kitu. Baba alikigundua kwa kugonga sitaha kwa kifundo cha kidole, kama mama anayechagua tikiti sokoni. Ko, ko, ko, halafu bu.

"Ukitaka kujua mwenye chombo aliogopa nini, maitu, angalia alipotoboa na alipoziba," aliniambia. "Wa kwanza aliogopa joto. Wa pili alichoka kumwagikiwa na mawimbi akiwa amekaa chooni."

Nilicheka siku hiyo. Tulikuwa bado tunacheka.

Kisha Jumapili moja akiwa kanisani, wezi waliingia kwa kilango cha mbele. Walibeba msasa wa umeme, patasi zote, na dira ya shaba aliyopewa na bosi wake wa kwanza akiwa kijana. Vyombo vingine angenunua. Ile dira aliitafuta hadi kwenye mahindi, akipekua mstari kwa mstari, na mimi nikasimama pale nikimwangalia mzee wangu akiinama na kuinuka.

Sasa mtu akiibiwa kwetu, anafanya nini? Anaweka grili. Ukipita Membley, ukipita Kahawa Sukari, hakuna dirisha lisilo na vyuma, na baadhi ya vyuma hivyo ni mkono wangu. Baba alinikataza. Alisema kilango kile si cha kuingilia, ni cha kutokea, na kitu cha kutokea hakifungwi kutoka nje. Nilimjibu kwamba wezi wa Murera hawajasomea ubaharia. Nilingoja siku aliyokwenda kliniki kupimwa presha, nikaja na vyuma na mashine, nikaifunga grili kwenye sitaha kwa boliti nene ambazo nilizichomelea vichwa ili zisifunguke. Kufuli nililificha ndani ya kisanduku cha chuma, mtindo ule wa mageti yetu, unaingiza mkono kupitia tundu na kufungua kwa kupapasa. Mkasi wa kukata kufuli hauwezi kulifikia. Nilikuwa nimejivunia kazi hiyo, Mungu anisamehe.

Baba aliporudi aliizunguka mashua mara moja. "Itoe," akasema.

"Nitaitoa wiki ijayo."

Ilipita wiki, ikapita nyingine. Kila akinipigia simu nilikuwa na geti la mtu.

Jumamosi niliyokwenda hatimaye, nilikwenda na grainda ya kukatia chuma, na nilipofika stima ikapotea. Ndiyo mambo yetu. Baba alikuwa ndani, karibu na ngazi ya nyuma, akijaza fibaglasi mahali pa kukalia injini. Alikuwa ameshachanganya resini, ile gundi yake, kwenye mkebe. Resini ukishaitia dawa ya kugandisha huanza kupata joto yenyewe, na lazima uitumie upesi au uimwage ikae nyembamba. Ikiachwa nyingi ndani ya mkebe inachemka. Haya aliyajua kuliko jina lake.

"Stima hakuna," nikamwambia kutoka juu ya sitaha. "Tuache hadi wiki ijayo."

"Nipe ufunguo basi."

Ufunguo ulikuwa Ruiru, kwenye msumari ukutani, pamoja na funguo za kazi zote. Nilimwambia hivyo. Nilimsikia akiweka mkebe chini, akipanda kitanda, akija mbele. Akasukuma mfuniko wa kilango kutoka ndani. Uliinuka vidole viwili, ukagonga vyuma vyangu.

"Unaona? Angalia vizuri. Vidole viwili! Mimi nitapita hapa?"

"Si uko na mlango wa nyuma? Nani alikwambia utapita hapa?"

"Wewe ni fundi ya mageti. Chombo sio plot."

"Na mwenye aliibiwa ni nani? Mimi?"

Tuligombana hivyo, yeye chini, mimi nimepiga magoti juu, tukionana kwa ule mwanya. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba. Nilimwambia angekaa nyumbani tukiwa wadogo badala ya kukaa na mashua za watu, angejua Murera ina wezi. Hapo ndipo nilipoona moshi nyuma ya bega lake.

Mkebe ulikuwa kwenye ngazi ya nyuma, kando ya vitambaa vya asetoni, dawa ya kusafishia inayoshika moto upesi. Sikuona ulivyowaka, ila niligeuka nikaona moshi mweusi ukitoka kwa mlango kama unasukumwa. Kisha moto. Mlango wa pekee wa mashua ile ulikuwa unawaka, na baba yangu alikuwa upande wa pili.

Nilishika grili yangu nikavuta. Nilivuta hadi nikasikia mgongo. Haikutingishika. Nilitia mkono kwenye tundu la kisanduku nikalipata kufuli, zima, limejifunga, nikalikwaruza kwa kucha kama mwendawazimu. Jirani, mama mmoja aliyekuwa akichimba mashimo ya uzio, alikuja mbio na mtaimbo wake.

"Safina inaungua! Ngai, mzee ako wapi?"

"Ako ndani!"

Alinirushia mtaimbo. Niliuingiza chini ya chuma nikaulalia kwa uzito wangu wote. Maungio yangu yalishika. Nimewahi kulaumiwa na wateja kwa mambo mengi, lakini si kwa kuchomelea vibaya, na asubuhi ile niliomba kwa sauti kwamba kazi yangu iwe mbaya.

Moshi ulikuwa sasa unatokea kwenye mwanya, usoni kwa baba. Alikuwa ameweka mdomo pale akivuta hewa na kukohoa. Vidole vyake vinne vilikuwa vimeshika chuma, na nilivifunika kwa mkono wangu.

"Acha hii," akasema. "Maitu, sikiza. Acha hii. Nenda juu ya choo."

Nilielewa, na nikaogopa zaidi. Choo kilikuwa nyuma, hatua tatu kuelekea kwenye moto, na kitanda cha kupanda katikati. Ili afike ilibidi aache ule mwanya.

"Nitagonga," akasema. Vidole vikaachia chuma.

Nilitambaa kwenye sitaha na mtaimbo. Rangi ilikuwa nyeupe kila mahali, hakuna alama. Jirani alikuwa anapiga kelele, watu wanakuja na ndoo, na mimi nilikuwa nawapigia kelele wanyamaze. Niliweka sikio kwenye sitaha. Ilikuwa na joto. Sikusikia kitu. Nikaanza kugonga mwenyewe, kwa ngumi, kutoka ukingo wa kushoto. Ko. Ko. Nikasogea. Ko. Nilikuwa nalia sasa, na kujitukana kwa Kikuyu. Nikasogea tena, na kabla sijagonga, kitu kikagonga kutoka chini. Mara mbili. Polepole.

Bu, bu.

"Jikinge!" nikapiga kelele, nikainua mtaimbo.

Pigo la kwanza lilipasua rangi. La pili lilitoboa ubao, na ubao wenyewe ulikuwa umeoza, Mungu ambariki yule fundi mvivu aliyeuweka. Nilivunja, nikang'oa kwa mikono, nikavunja tena. Kichwa cha baba kilitokea kikiwa cheusi, kisha bega moja. Alikuwa amefunga mlango wa choo na kuziba chini yake kwa shati lake. Mimi na jirani tulimkamata kwapani tukamtoa kama ndama anayezaliwa vibaya, tukamshusha kwa ngazi ya nje, tukamlaza kwenye mchanga wa ujenzi wa jirani. Mchanga uo huo ndio vijana walioutumia kuzima moto, ndoo kwa ndoo. Sehemu ya nyuma ya mashua iliungua. Mbele ilibaki nzima, na grili yangu iking'aa.

Alikohoa kwa muda mrefu. Kifua chake kilikuwa wazi, na mikono imechubuka kutoka vifundoni hadi viwiko. Nilipiga magoti kando yake nikingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Niliomba msamaha kwa grili, kwa wiki mbili, kwa yale maneno ya tulipokuwa wadogo. Alinishika mkono ili ninyamaze. Alikunywa maji, akatema, akanywa tena.

"Watoto wako wanalala chumba gani?" akaniuliza.

Nilidhani moshi umempanda kichwani. "Kile cha nyuma, baba."

"Dirisha iko na grili?"

"Iko."

"Na kufuli iko upande gani?"

Lile dirisha nililitengeneza mwenyewe tulipohamia Ruiru, kazi safi, yenye maua ya chuma kwenye pembe.

"Haina kufuli," nikasema. "Nilichomelea moja kwa moja."

Alifumba macho akaendelea kupumua, na mimi nikakaa pale nikimhesabia pumzi hadi gari la kumpeleka hospitali lilipofika.

Walimlaza kwa uangalizi, wakaniambia mapafu yatapona. Nilitoka hospitalini mchana ule ule na kwenda moja kwa moja nyumbani na ile grainda, bado nanuka resini. Ruiru stima ilikuwepo. Nilikata maua yote. Niliweka bawaba upande mmoja, na upande wa ndani komeo, bila kufuli. Kisha nikamwita mwanangu mdogo, wa miaka mitano, nikamwambia afungue.

Alinyoosha mkono, akasimama kwa vidole vya miguu, akaruka. Hakufika.

"Niletee kiti, mum," akasema.

Nilimwambia hakutakuwa na kiti. Nikalikata lile komeo, nikalishusha, nikampima begani kwa mkono wangu, na nikalichomelea upya hapo.